Chombo Kikikosekana Tanga, Nani Anashika Usukani wa Uokoaji?

Hotuba kwa viongozi wa madiko (mialo ya wavuvi), manahodha na watendaji wa serikali, Tanga

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa mkoa na wilaya, wenyeviti wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kuanzia Moa hadi Kigombe pamoja na wenzetu wa Pangani, manahodha, wachuuzi wa soko la samaki la Deep Sea, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Nianze na hesabu. Boti ya faiba imetoka Sahare alfajiri, msimu wa kusi. Saa 4 asubuhi, nje ya miamba, injini inazima na haiwaki tena. Nanga haifiki chini, maana hapo tayari ni Mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati yetu na kisiwa kile, na kina chake ni mamia ya mita. Maji ya pwani hii hukimbilia kaskazini mwaka mzima. Upepo wa kaskazi ukivuma hulegea, kusi ukivuma hukaza, na siku kali hufikia noti 4. Tuchukue noti 2 tu, yaani maili 2 za bahari kwa saa. Saa 10 jioni boti ile iko maili 12 kaskazini, inaelekea usawa wa Moa. Saa 2 usiku iko maili 20, inakaribia maji ya Kenya, upande wa Vanga. Nyumbani wanaanza kuulizana saa 3. Atakayetoka hapa Sahare saa 4 usiku na kurunzi anatafuta mahali ambapo boti haijakuwapo tangu asubuhi.

Hoja yangu leo ni moja. Vyombo tunavyo, si vingi lakini vipo. Watu wenye moyo wa kuingia majini tunao, na hao ni wengi. Uokoaji wetu hufia kwenye makabidhiano: mvuvi anapomkabidhi taarifa afisa, Bara inapoikabidhi Zanzibar, bahari inapokutana na anga, Tanzania inapoikabidhi Kenya. Mkoa wa Tanga una makabidhiano yote manne mlangoni pake. Mikoa mingi haina hata mawili.

Sheria kwanza, nitakwenda mbio. Mkataba wa Kimataifa wa Utafutaji na Uokoaji Baharini ulitiwa saini Hamburg mwaka 1979, ukaanza kutumika mwaka 1985, ukafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1998. Upande wa ndege, kuna Kiambatisho cha 12 cha Mkataba wa Chicago wa 1944. Mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la bahari na la anga, yametoa mwongozo mmoja wa pamoja wenye juzuu tatu: ya kwanza kwa wanaopanga na kusimamia huduma, ya pili kwa wanaoratibu operesheni, ya tatu kwa walioko kwenye chombo. Anayesoma ya tatu peke yake atajua kuendesha msako, lakini hatajua nani alipaswa kumtuma.

Mkataba ule wa Hamburg unaitaka nchi iwe na sheria ya kuisimamia huduma hii, mamlaka iliyotajwa kwa jina, rasilimali zilizopangwa, mawasiliano, uratibu, na njia ya kuiboresha huduma kwa mipango, mafunzo na ushirikiano. Hakuna panaposema lazima nchi inunue kundi la meli za uokoaji. Ushirikiano na uratibu umewekwa mbele kwa makusudi, kwa kuwa nchi nyingi duniani huokoa kwa vyombo vya kuazima: vya polisi, vya jeshi la majini, vya bandari, vya wavuvi, na meli ya mizigo inayopita tu.

Kwetu Tanzania Bara, upande wa bahari na maziwa uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kurithi kazi hiyo kutoka SUMATRA, iliyokuwa mamlaka ya usafiri wa nchi kavu na majini. Kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji kiko Dar es Salaam. Zanzibar wana Mamlaka yao ya Usafiri Baharini, na kwenye maji utawakuta KMKM, Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo. Ndege ni kazi ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya mwaka 2007 na namba 114. Polisi Wanamaji wapo, Kamandi ya Jeshi la Majini ipo, Mamlaka ya Bandari ina vyombo na marubani wake wa meli. Tukio likiwa kubwa kiasi cha kuitwa maafa, inaingia Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 na kamati zake, kuanzia taifa hadi kijiji. Mamlaka ya Hali ya Hewa haimwokoi mtu kwa mkono, lakini ilani yake ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 huokoa watu ambao hawataandikwa popote, kwa kuwa siku hiyo hawakutoka.

Mmehesabu? Taasisi nane au tisa, na kila moja ina mkuu wake, redio yake na bajeti yake. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye tukio lolote liwe: operesheni hii ni ya nani? Mwongozo unataka mratibu mmoja wa operesheni, aketi kituoni, asishike usukani wa boti yoyote. Kwenye eneo la tukio anateuliwa kiongozi mmoja wa vyombo, kwa kawaida nahodha wa chombo cha kwanza kufika chenye mawasiliano mazuri, mpaka atakapopokelewa na aliye bora zaidi. Cheo cha bega hakihusiki hapo. Kanali akifika na boti isiyo na redio, kiongozi anabaki kuwa nahodha wa mashua yenye redio. Hili ni gumu kulitamka mbele ya wakubwa, lakini ndivyo ilivyo.

Pasipokuwa na mwenye kauli moja, hata wema huua. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Chombo kilichopinduka huelea kwa hewa iliyonaswa ndani. Bamba lilitobolewa ili kuwafikia waliokuwamo, hewa ikatoka, meli ikazama nao. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, na fundi mitambo mmoja akatolewa hai siku mbili baadaye kutoka ndani ya chombo kilicholala tumbo juu. Ni hewa ileile iliyomweka hai. Kwa hiyo manahodha, chombo kikipinduka na mkasikia mtu anagonga ndani, msitoboe. Kifungeni kamba na maboya kisizame, gongeni kumjibu, itisheni wazamiaji.

Turudi kwenye saa, maana ndiyo inayotumaliza. Waratibu wanahesabu ngazi tatu. Ya kwanza ni hali ya mashaka: chombo kimepitisha muda wa kufika, hakuna habari. Ya pili ni hali ya tahadhari: mmeuliza huku na huko, hakijaonekana. Ya tatu ni hali ya hatari: kuna uhakika au dalili nzito kwamba watu wako katika hatari na wanahitaji msaada wa haraka. Tabia yetu ya pwani ni kumfichia mwenzetu aibu. Tunasema pengine kalala Pemba kwa shemeji yake. Taarifa inatoka diko ikiwa tayari ni ngazi ya tatu, na zile mbili za mwanzo, ambazo kazi yake ni kupiga simu tu, zimepita bure. Simu ya mashaka haimgharimu mtu chochote. Watu wa Mkoani, kule Pemba, wakisema jahazi limefika, kituo kinafunga faili, basi.

Sasa tazameni gharama ya kuchelewa. Kichwa cha mtu majini, kwa macho, mchana, hali ya hewa ikiruhusu kuona maili 5, mwongozo unapendekeza mistari ya msako iachane nusu maili tu. Upepo ukizidi noti 15, igaweni tena kwa mbili. Boti inayokwenda noti 10 kwa mistari ya nusu maili inasafisha maili 5 za mraba kwa saa. Taarifa ikija mapema na shaka yenu kuhusu mahali alipo ni maili 2 kila upande, eneo ni 4 kwa 4, yaani maili 16 za mraba, na boti moja inamaliza kwa saa 3 na dakika chache. Shaka ikikua hadi maili 6 kila upande, eneo ni 12 kwa 12, maili 144 za mraba. Boti ileile sasa inahitaji karibu saa 29. Mchana wa huku ni wa saa 12. Shaka imekua mara 3, kazi imekua mara 9.

Na msako si kuzunguka ovyo. Mahali pakijulikana vizuri, pigeni mraba unaopanuka: anzieni katikati, nendeni mstari mmoja, kateni kulia nyuzi 90, mstari wa pili urefu uleule, wa tatu na wa nne mara mbili yake, wa tano na wa sita mara tatu. Mtu akianguka sasa hivi na mmemwona akianguka, tumieni mtindo wa pembetatu, kila kona mkikata kulia nyuzi 120 na kupita tena palepale katikati. Kabla ya kuanza, tupeni boya au dumu lililojazwa maji nusu mahali pa katikati. Dumu linachukuliwa na maji kama mtu anavyochukuliwa, kwa hiyo msako wote unasogea pamoja naye. Wengi hutumia alama ya GPS kama katikati. Alama ya GPS haisogei, mtu anasogea.

Mkumbuke pia kuwa vitu havipotei kwa njia moja. Boti iliyojaa maji hufuata mkondo. Boti tupu iliyokaa juu, au boya la mpira la uokoaji, husukumwa zaidi na upepo, na kusi ya hapa huvuma kuelekea kaskazini-magharibi, yaani pwani. Waliong'ang'ania boti iliyojaa maji wanaweza kuwa njiani kwenda Kenya wakati dumu lao la mafuta limeokotwa Mwarongo. Dumu kuokotwa ufukweni hakuthibitishi kuwa watu wako karibu.

Kuna kosa dogo linalopoteza maili nyingi: namna ya kusoma nukta za GPS. Nyuzi 5 na dakika 30 Kusini si sawa na nyuzi 5 nukta 30. Hiyo ya pili ni nyuzi 5 na dakika 18. Tofauti ni dakika 12, na kila dakika ya latitudo ni maili moja ya bahari. Moja itakupeleka usawa wa Kigombe, nyingine itakupeleka kusini ya mdomo wa Mto Pangani. Anayepokea simu amuulize mpigaji: hizo ni dakika au desimali? Kisha amsomee tena tarakimu zote, mpigaji aseme ndiyo.

Redio nayo ina mipaka yake. Mawimbi ya VHF, redio ya kawaida ya vyombo vya majini, huenda mstari ulionyooka. Redio ya mkononi ikishikwa mita moja na nusu juu ya maji huongea na mwenzake wa boti ya jirani kama maili 5. Ikiongea na mnara wa mita 50 hufika maili 18 hivi. Kwa hiyo mnara mrefu mmoja mahali pazuri unawafaa wavuvi kuliko redio ishirini zilizogawiwa mbele ya kamera, zote zikiwa chini. Chaneli ya dharura ni 16, na isitumike kupanga bei ya kibua.

Meli kubwa zina EPIRB, kifaa kinachorusha ishara ya dharura kwenda kwenye setilaiti kwa masafa ya 406 MHz. Kile cha zamani cha 121.5 MHz kiliacha kusikilizwa na setilaiti tarehe 1 Februari 2009, na anayeuziwa leo kwa bei nafuu anauziwa pambo. Kifaa kizuri hurusha ishara saa 48 angalau, na kikiwa kwenye kikalio chake hujifungua chenyewe chombo kikizama kati ya mita 1.5 na 4. Tatizo la kawaida ni kwamba mtu anaogopa kisiibwe, anakifunga kamba. Kinazama na chombo kikiwa salama kabisa dhidi ya wezi. Tatizo la pili ni usajili: kifaa kisichosajiliwa kinalia, kituo kinaona nchi, lakini hakina jina la chombo wala simu ya mwenye chombo.

Jaketi okozi ziwe zimevaliwa, zisiwe zimekaliwa. Naliacha hapo.

Kuhusu orodha ya abiria nitakaa kidogo, hasa kwa wanaovusha watu Kigombe na Pangani kwenda Unguja kwa mashua. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na orodha haikulingana na watu waliokuwamo. Tunaizoea orodha kama jambo la polisi na ushuru. Kwa mratibu, orodha ndiyo inayoamua msako ufungwe lini. Mkiokoa 31 na hamjui waliotoka walikuwa 31 au 38, mtafanya moja kati ya mawili: mtatafuta watu saba ambao hawapo, au mtawaacha saba waliopo. Maji yetu yana joto la nyuzi 25 hadi 29, na mtu aliyeshika kitu kinachoelea anaweza kuwa hai kesho yake. Kufunga msako jioni ya kwanza kwa sababu hesabu haijulikani ni uamuzi mzito mno kuachiwa kubahatisha. Orodha ibaki nchi kavu, diko, nakala ya pili. Iliyomo kwenye mashua inazama nayo.

Sasa wavuvi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, 19 walifariki. Nchi yoyote yenye pwani ndefu na fedha chache, mwokoaji wake wa kwanza ni mvuvi, na mpango wa taifa usiomtaja umeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Kumtaja maana yake ni nini? Kwamba chombo chake kimeandikwa: urefu, injini, wenye kuogelea ni nani, simu ni ipi. Kwamba amefunzwa mambo machache: asikimbilie mtu majini kwa upande wa panga la injini, amwendee akiuelekea upepo, ampandishe akiwa amelala inapowezekana. Na kwamba mafuta yake yatarudi.

Mafuta ndiyo kidonda. Injini ya nguvu za farasi 40 ikikimbizwa hula lita 15 hadi 20 kwa saa. Boti nne kwa saa 7 ni zaidi ya lita 400. Kuokoa roho hakulipwi na anayeokolewa, ndiyo desturi ya bahari na ndiyo sheria, lakini desturi hiyo haikusema mvuvi ndiye abebe gharama ya serikali. Mkoa ukiwa na fungu dogo la mafuta na daftari la hati, diko linatoka ndani ya dakika kumi. Bila fungu, diko linachanga, na kuchanga kunakula saa mbili. Mmeshaona saa mbili zinafanya nini kwenye ule mraba.

Nimefika Kenya. Mwaka 2000, huko Florence, nchi za Afrika zilikubaliana kuwa na vituo vitano vya kikanda: Morocco, Liberia, Nigeria, Afrika Kusini na Kenya. Kile cha Mombasa kilifunguliwa mwaka 2006, na Dar es Salaam hufanya kazi pamoja nacho. Mkataba wa Hamburg unasema wazi kuwa mipaka ya maeneo ya uokoaji haihusiani na mipaka ya nchi wala haiiathiri, na nchi jirani zipeane ruhusa ya haraka waokoaji kuingia. Anayeomba aeleze anakwenda kufanya nini na kwa nini aingie, anayeombwa ajibu papo hapo. Kutoka hapa hadi mpaka ni kama maili 24 za bahari. Kwa mkondo wa noti 3 ni saa 8. Kwa hiyo Dar es Salaam isisubiri boti ifike mpakani ndipo ipige Mombasa. Wakati wa kusi, kila taarifa ya chombo kilichokosekana kaskazini ya Tanga ipelekwe Mombasa ndani ya saa ya kwanza, hata kama itafutwa baadaye. Na makabidhiano yawe na maneno kamili: naikabidhi operesheni saa fulani, unaipokea? Naipokea. Mpaka neno hilo lisikike, operesheni ni ya aliyekuwa nayo. Hivyohivyo kwa Pemba.

Na nani anamsimamia msimamizi? Ukaguzi wa nchi wanachama wa shirika la kimataifa la bahari umekuwa wa lazima tangu mwaka 2016, na upande wa anga wana ukaguzi wao. Unafaa, ila kwa kiasi kikubwa unakagua makaratasi. Ukaguzi wa nyumbani uwe wa kuudhi kidogo. Mtu apige simu kituoni saa 8 usiku wa kuamkia Ijumaa, aone inapokelewa baada ya milio mingapi. Kamati ya taifa ya uratibu idai tarakimu chache kila robo mwaka: dakika kutoka taarifa hadi mratibu kutajwa, dakika kutoka hapo hadi chombo cha kwanza kutoka, taarifa ngapi zilikuja ngazi ya kwanza na ngapi ya tatu. Kumbukumbu za operesheni ziandikwe palepale kwa saa na dakika, zisitungwe keshoye. Na anayechunguza kilichoharibika asiwe yule aliyeratibu, kwa sababu hakuna binadamu anayejikagua vizuri.

Mazoezi yana ngazi pia: la mawasiliano pekee, la uratibu bila vyombo kutoka, na la uwanjani. Tunapenda la uwanjani kwa kuwa lina wageni na picha. La mawasiliano ni la simu na redio tu, linafanyika nusu saa, na ndilo linaloonyesha namba ipi imekufa. Pendekezo langu kwa mkoa: la mawasiliano kila mwezi, na mwanzoni mwa kila kusi zoezi moja linaloanzia Moa na kukabidhiwa Mombasa.

Kabla ya chakula, kila diko litupe majina mawili, mpokea simu na wa akiba wake, wote wenye simu zinazokaa na chaji usiku. Daftari liko kwa katibu, pale mlangoni. Wa Kigombe na Pangani waongeze na jina la mtunza orodha ya abiria. Asanteni, tuanze maswali.